Mwaka wa Kungoja Bangale

Kelvin alinipigia simu nikiwa shambani Idsowe, nafukuza ndege kwenye mpunga. Aliniita Dada Racheli, kama alivyoniita tangu siku ya kwanza, ingawa sasa yeye ni mtu wa ofisi kubwa na mimi ni mkulima. Akaniambia Madam Lidya amefariki huko Nairobi baada ya kuugua kwa muda mrefu, na mazishi ni Jumamosi, kwao bara. Kisha akangoja nilie, au angalau niseme yale yanayosemwa. Mimi nikamuuliza kama amekula. Sijui swali lile lilitoka wapi. Akasema angetuma gari linichukue, watu wangefurahi kuniona, na Madam mwenyewe alikuwa akinitaja hata kitandani. "Alinitaja akisemaje?" nikauliza. "Alisema hajawahi kufanya kazi na mtu kama wewe, dada." Nikamwambia siwezi kuacha mpunga wiki hii, ndege watamaliza wote. Ilikuwa kweli, lakini sikukataa kwa sababu ya ndege. Nilikata simu nikaketi kwenye tuta, na nilipoinuka jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili. Huzuni niliitafuta moyoni, nikaikuta, ila haikuwa ya Madam peke yake. Ilikuwa ya mwaka mmoja nilioishi Garsen nikiwa na miaka ishirini na saba, mwaka ambao mpaka leo sijawahi kumsimulia mtu mwanzo hadi mwisho.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya hoteli ya Mama Zena, mama wa Kipini aliyekuwa amehamia Garsen kuuza chakula. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama jikoni, kwa hiyo niliamka kwa harufu ya mahamri na kulala kwa mlio wa sufuria zikisuguliwa kwa mchanga. Kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili za maji, na msumari wa kutundikia gauni langu la kazini. Ukutani nilikuwa nimebandika barua kutoka chuo kimoja cha Mombasa ikisema nimepata nafasi ya kusomea maendeleo ya jamii, diploma ya miaka miwili, na kwamba napaswa kuripoti mwanzoni mwa Mei. Niliisoma kila nilipovaa viatu. Kazi yangu ilikuwa katika shirika lililokuja baada ya mafuriko kugawa mbegu na kuchimba visima, na cheo changu kilikuwa msaidizi wa nyanjani. Kwa maneno ya kawaida, nilikuwa mdomo wao. Maafisa walitoka bara wakijua Kiingereza na Kiswahili cha shuleni, na huku walikutana na Wapokomo wanaolima kando ya mto na Waorma wenye ng'ombe, kila mmoja na lugha yake na kinyongo chake. Mimi nilizaliwa katika Kipokomo, nikajifunza Kiorma tangu utotoni, na hapakuwa na mkutano uliofanyika bila mimi kukaa katikati. Miaka sita nilifanya hivyo. Katika miaka hiyo walikuja maafisa watatu, mmoja baada ya mwingine. Niliwaonyesha njia, nikawafundisha majina ya wazee na vitu visivyosemwa mbele ya nani, na kila mmoja alipokwisha kujua akapandishwa cheo akaondoka.

Madam Lidya ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale Garsen. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, simulizi hii ingekuwa nyepesi kwangu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyeletewa chapati mbili kila siku saa nne asubuhi, akiikata moja katikati na kunipa nusu bila kuniuliza kama nina njaa. Nilipougua malaria yeye mwenyewe alinipeleka hospitali, akakaa kwenye benchi akiwa amenishikia viatu vyangu mapajani. Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya mawe kando ya barabara kuu, imegawanywa kwa mbao nyembamba, hata mtu akikohoa chumba cha mwisho, wote tuliitika pole. Kupitia mbao zile nilimsikia mara nyingi akizungumza na makao makuu kwa simu. "Watu wangu wa hapa wako sawa," alikuwa akisema. "Nikiwa na Racheli sina wasiwasi." Nilikuwa nikisikia hivyo nafurahi, nainamia kazi yangu kwa nguvu zaidi. Leo nikikumbuka furaha ile naona haya, kama mtu anayekumbuka alivyocheza ngoma mbele za watu akidhani anasifiwa.

Mwezi wa tatu ulikuwa mwezi wa tathmini. Kila mfanyakazi aliingia kwa Madam peke yake, wakajaza pamoja fomu ya Kiingereza yenye kurasa nne kuhusu kazi yake ya mwaka mzima. Miaka mitano nilikuwa nimeingia, nikasifiwa, nikatia sahihi, nikatoka. Mwaka ule niliamua kusema. Niliandika maneno yangu kwenye daftari, nikayakariri nikiosha vyombo na Mama Zena, kwa sababu jioni nilikuwa namsaidia jikoni. Yeye akajifanya Madam, akaketi juu ya gunia la mchele, amekunja mikono. Nikaanza, "Madam, samahani, naomba kama ingewezekana..." Akanikatiza. "Waogopani mwanangu? Kazi yako waijua. Usende ukaomba kama waomba moto wa jirani. Mwambie, nataka." Nikarudia. Akasema bado. Nikarudia tena mpaka wateja wawili waliokuwa wakila wali na kambale wakaanza kucheka, na mmoja wao akapaza sauti, "Mpe huyo binti anachotaka!" Tukacheka wote. Nafikiri ile ndiyo ilikuwa jioni yangu ya mwisho ya kuamini kwamba neno likisemwa vizuri litasikika.

Siku yenyewe, Madam alikuwa amefunga dirisha kwa sababu ya vumbi, na feni ilikuwa ikizunguka ikigongagonga. Alinimiminia chai ya tangawizi. Akanisifu kwa mambo mengi, akayaandika, kisha akauliza kama nina lolote. Nikaweka kikombe chini. "Madam, nataka kukua katika kazi," nikasema. "Nimekuwa msaidizi miaka sita. Maafisa watatu nimewafundisha mimi, na wote wamekuwa wakubwa wangu. Kazi wanayoifanya naiweza. Nataka kujua mimi naelekea wapi hapa, kwa sababu nimepata chuo na inabidi niamue." Madam alinitazama, na nikaona macho yake yamelainika. Akavuta kiti chake karibu na changu. "Racheli, nimekuwa nikingoja useme hivyo," akasema. "Sikiza. Tunafungua ofisi ndogo Bangale mwezi wa saba. Watahitaji afisa. Nani mwingine anaweza kukaa na wafugaji wa kule? Jina lako nitaliandika mimi mwenyewe. Lakini ukienda chuo Mei, nafasi itakupita. Chuo kitakuwepo tu." Nikamuuliza kama ana uhakika. "Mimi nimewahi kukudanganya?" akasema. Hakuwahi. Akanisogezea fomu nitie sahihi ukurasa wa mwisho, akasema sehemu zilizobaki atazijaza baadaye kwa utulivu, maana alitaka kuziandika vizuri. Nikatia sahihi. Nikatoka nje nikiwa mwepesi, nikanunua embe sokoni nikalila nikiwa nimesimama, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni.

Bangale ni mbali, kaskazini, barabara mbaya, vumbi na mifugo na maduka machache. Watu wa Garsen walikuwa wakiitaja kama adhabu. Mimi niliitaja kama watu wanavyotaja harusi. Nilianza kumuuliza Barisa, dereva wetu, Muorma aliyekwisha kufika huko mara nyingi: maji wanachota wapi, nyumba za kupanga zipo, kuna kanisa? Alinijibu kila swali, lakini siku moja tukitoka Chara, tumekwama kwenye tope na tunangoja trekta, alinigeukia akasema, "Dada, hii Bangale nani amekupatia?" Nikasema Madam. "Karatasi iko?" Nikasema karatasi itakuja, Madam ametoa neno. Akatikisa kichwa taratibu. "Wewe unasema maneno ya watu mzuri sana. Mimi nasikiaga. Lakini yako, hapana jua wapi unaweka." Nilimkasirikia, nikageukia dirisha mpaka trekta lilipofika. Mwezi wa tano ulipoanza niliandika barua kwa chuo kusema sitaweza kuripoti, naomba wanishikie nafasi. Walijibu kwa adabu kwamba nafasi haishikwi, nijaribu tena mwaka ujao. Nikaibandua ile barua ya kwanza ukutani, nikaikunja na hii ya pili pamoja, nikaziweka ndani ya Biblia. Ukutani pakabaki alama nyeupe ya mraba. Mama Zena aliiona alipoleta chai. Siku ile aliniongezea nyama.

Mwezi wa saba alikuja Kelvin. Alishuka kwenye gari la shirika na begi la mgongoni, kijana wa miaka ishirini na minne, ametoka chuo kikuu, jasho limemlowesha shati, na Madam akatuita wote sebuleni. "Huyu ni Kelvin," akasema, "afisa wetu mpya wa Bangale. Atakaa hapa Garsen miezi mitatu ajifunze mambo ya huku. Racheli atamfundisha." Alilisema jina langu bila kunitazama. Nakumbuka niliangalia sakafu, na kwenye sakafu palikuwa na sisimizi wamejipanga wakielekea kwenye sukari iliyomwagika, na nikafikiri kwamba lazima nilete maji ya moto. Hayo ndiyo niliyofikiri. Kelvin alikuja akanipa mkono. "Dada Racheli, nimesikia habari zako tangu Nairobi," akasema. "Wanasema bila wewe mtu hapotei njia tu, anapotea kabisa." Alikuwa na tabasamu zuri. Nikamjibu karibu, akaenda kujiosha vumbi la safari, nami nikaenda kuchemsha maji ya sisimizi. Niliingia kwa Madam jioni ile. Akasema makao makuu wameamua wenyewe, wanataka mtu mwenye digrii, yeye amepigana sana. "Vumilia," akasema. "Mwaka ujao." Nikamwamini. Ukishatoa kitu kikubwa kwa ajili ya kumwamini mtu, huwezi tena kuacha kumwamini kirahisi, kwa sababu utaulizwa na nafsi yako kile ulichotoa kimekwenda wapi.

Basi nikamfundisha Kelvin. Nilimfundisha kuketi kabla ya kusalimia, na kutotaja mipaka ya shamba kwenye mkutano wa kwanza. Mwezi wa nane kulikuwa na ugomvi karibu na Idsowe juu ya malka, yaani njia ya ng'ombe kushukia mtoni. Wakulima walikuwa wamepanda mahindi mpaka katikati ya njia, na ng'ombe wakapita wakayala. Watu walikuja mkutanoni na mapanga na fimbo, wakaviweka chini, lakini karibu. Kelvin alisimama akasema sentensi moja, kwamba shirika linaomba pande zote zielewane. Mimi nikageuka nikazungumza kwa karibu robo saa, kwanza kwa Kiorma halafu kwa Kipokomo. Niliwauliza wakulima kama wamesahau ni ng'ombe wa nani waliowalisha maziwa wakati wa mafuriko. Niliwauliza wafugaji kama wanaweza kungoja mahindi yaliyobaki yavunwe, wiki tatu tu, wapitie juu kidogo. Mzee mmoja alinitukana, nikamwacha amalize, nikamuuliza tena. Mwishowe wakakubaliana, wakapeana mikono. Kelvin aliniinamia akanong'ona, "Umewaambia nini?" Nikamjibu, "Nimewaambia ulichosema." Wiki mbili baadaye nilisikia kupitia mbao Madam akiisoma ripoti kwa simu: Kelvin amesuluhisha mgogoro wa malka kwa ustadi mkubwa, akisaidiwa na mkalimani. Kwa haki yake, Kelvin aliniletea ile ripoti akiwa na macho mekundu, akasema hakuandika hivyo, Madam ndiye aliyeirekebisha. Nikamwambia haidhuru.

Mwezi wa tisa wakaja wakaguzi kutoka makao makuu, na Madam akaniagiza nipange majalada ya wafanyakazi kwa herufi. Sikuwa natafuta kitu. Jalada langu lilifunguka lenyewe kwenye ile fomu ya mwezi wa tatu, na nikaona sehemu inayouliza kama mfanyakazi ametoa maoni yoyote kuhusu kukua kwake katika kazi. Madam alikuwa ameandika neno moja la Kiingereza, lenye maana ya "hakuna". Chini yake, pale panapouliza kama mfanyakazi anapendekezwa kwa cheo cha juu, alikuwa ameandika kwamba ninafaa sana hapo nilipo na kwamba nimeridhika. Halafu sahihi yangu, kubwa, ya mtu mwenye furaha. Niliisoma mara tatu. Nilisikia kitu kikishuka ndani yangu polepole, kama ndoo inavyoshuka kisimani, na sikusikia ikigusa maji.

Niliingia kwake na fomu mkononi. Alikuwa anakula, wali na maharagwe, na redio ndogo ikisoma matangazo ya vifo. Nikaiweka fomu kando ya sahani. Akaitazama, akazima redio. "Madam, hapa umeandika sikusema kitu," nikasema. Nilitarajia aniambie ni makosa, na nadhani kama angesema hivyo ningekubali. "Ningeandika ulichosema," akasema mwishowe, "wangeniuliza kwa nini sijakupandisha. Na wangekupandisha wao, wakupeleke Bangale. Mimi ningebaki na nani hapa? Racheli, mimi sijui lugha ya mtu yeyote huku. Kila kitu nilichosifiwa kwacho miaka hii ni wewe. Kila kitu." Nikamwuliza, "Na chuo?" Akaanza kulia. Alilia vibaya, kwa mabega, mkono mmoja bado umeshika kijiko. "Ningekwambia nini? Ningekwambia uende?" Nilikuwa nimeingia na maneno mengi. Nilikuwa na haki ya kuyasema, na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini niliona machozi yanadondoka kwenye chakula, na nikajikuta nimezunguka meza, nimemshika bega, namwambia pole. "Pole Madam. Basi. Pole." Nilimbembeleza mimi. Nikamletea maji ya kunawa uso kabla wakaguzi hawajarudi kutoka chakula cha mchana. Na asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, nilifungua ofisi nikafagia, kama kawaida.

Utaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Mama Zena aliniuliza usoni, akiwa amefura kwa hasira kwa niaba yangu, akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Toka! Toka leo, ulale hapa bure, mpaka mwaka uishe!" Nilikuwa nikienda kazini kwa sababu miguu ilijua njia. Kwenye mikutano nilitafsiri vizuri kuliko zamani, maana sikuwa tena na wazo langu la kunizuia. Kelvin alikwenda Bangale mwezi wa kumi, akanipigia simu kila siku kuuliza hiki kinasemwaje, yule anaitwaje. Nilimjibu kila mara. Jioni nilikaa chumbani nikitazama ile alama nyeupe ukutani, nikisikia wateja wakizungumza habari za mvua, bei ya mbuzi, binti wa nani ameolewa wapi, na niliona maisha yote yanatokea upande wa pili wa dirisha.

Desemba, Madam alihamishiwa Nairobi kwa cheo kikubwa zaidi. Tulimwandalia chakula cha kumuaga, pilau ya mbuzi aliyopika Mama Zena kwa shingo upande, na wazee wa Kipokomo na wa Kiorma wakaalikwa. Wafanyakazi wenzangu wakasema lazima nizungumze mimi, kwa kuwa nitaeleweka na wote. Niliposimama, niliona Madam ameshika ukingo wa meza. Aliogopa. Barisa alikuwa mbele yangu, ameacha kula, ananitazama kama mtu anayengoja gari lililokwama litoke. Palikuwa kimya, watu wote wangenisikia, na kwa mara ya kwanza sikuwa na mtu wa kumtafsiria. Nikafungua kinywa. Nikasema kwa Kipokomo kwamba Madam ametulea. Nikasema hivyo hivyo kwa Kiorma. Nikasema kwa Kiswahili kwamba alinishikia viatu nilipougua, na kwamba Mungu amlinde. Wakapiga makofi. Barisa aliinama akarudi kwenye sahani yake. Madam alikuja akanikumbatia kwa nguvu, na kinywa chake kikiwa karibu na sikio langu akasema, "Umenisitiri, Racheli. Sitasahau." Alinukia tangawizi. Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Januari, Kelvin akaletwa Garsen kuchukua kiti cha Madam. Wiki ya kwanza tu alinijia na fomu ya kile chuo cha Mombasa, aliyoifuata mwenyewe alipokuwa likizoni. "Dada, jaza hii," akasema. "Barua ya kukupendekeza nimeshaiandika. Mambo ya ofisi niachie mimi, wewe nenda." Nikamshukuru, nikaenda nayo chumbani, nikaiweka mezani. Jina niliandika. Umri niliandika. Kisha palikuwa na nafasi tupu, mistari kama kumi, wakisema nieleze kwa maneno yangu mwenyewe ninataka nini. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Nikakaa tena kesho yake, na kesho kutwa. Nilijua Kelvin angetaka niandike nini, na Mama Zena, hata Madam; cha kwangu sikukipata. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilifika ikapita, na fomu iko pale mezani imefunikwa na sahani. Safari hii hakuna mtu aliyenizuia.